Faksi ya mtumba kutoka Dubai, kitabu chasema usiguse waya wa simu kukiwa na radi. Kweli au watutisha tu?

mtoto_wa_malindi
Asalam alaykum wakubwa kwa wadogo. Mie nipo ofisi moja hapa Malindi ya Unguja, tunasafirisha karafuu, mdalasini na vikorokoro vyengine vya viungo, na bosi wangu ana wateja wake wa Japani tangu enzi hizo ambao hawana habari na WhatsApp, kwao oda ni karatasi yenye mhuri inayotoka kwenye faksi, basi. Faksi yetu ya zamani imekata roho mwezi uliopita. Juzi mtu wake wa Dubai kamletea nyengine kwenye kontena, mtumba lakini safi, ya leza, nzito mbaya, tumeipandisha ngazi watu wawili na mmoja mpaka leo anashika kiuno.

Sasa kazi ya kuifunga nimepewa mie. Nimefungua kitabu, kurasa tatu za mwanzo hata pa kuwashia hapajatajwa, ni maonyo tu. Usifunge waya wa simu wakati wa radi, usiweke soketi ya simu penye majimaji, usiguse waya wa simu ulio wazi, usitumie simu kutoa taarifa ya gesi kuvuja ukiwa hapo hapo inapovuja, tumia waya namba 26 AWG au mnene zaidi, jumlisha namba za REN zisipite 5, usiunge kwenye laini ya kuchangia wala simu ya kutumbukiza sarafu, na kila baada ya mistari miwili anatajwa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na sehemu ya 68 ya kanuni zake. Nyuma kuna kibandiko, kimeanza na US: halafu herufi na namba zimeungana, katikati mna 08T.

Bosi anasema chomeka bwana, hii simu tu si bomu. Wenye ujuzi hebu nambieni, haya mambo yana ukweli au Wamarekani waogopa kushtakiwa tu?

dogo_michenzani
Faksi? Mwaka huu? Piga picha karatasi kwa simu, tuma pdf, nenda kalale 😂

bi_karafuu
Dogo nyamaza mwanangu, hujafanya biashara na Wajapani wewe. Wapo wanaotuma email siku hizi lakini yule mzee mwenye duka lake dogo aliyezoea mhuri mwekundu kwenye karatasi humbadilishi, na pesa zake ni nzuri na hachelewi kulipa. Mie ninayo faksi mpaka leo na sioni aibu.

Mtoto wa Malindi, usichomeke kwanza. Subiri mafundi waje. Na utizame nyuma ya mashine pale inapoingia waya wa umeme imeandikwa volti ngapi.

fundi_nguzo
Waalaykum salam. Nipo Chake, nimepanda nguzo za simu miaka mingi mpaka magoti yakagoma, sasa napanda ngazi za nyumbani tu. Ntakujibu kidogo kidogo maana mambo mengi hapo umeyachanganya, si kosa lako, kitabu ndo kimeyachanganya.

La kwanza. Watu wadhani waya wa simu hauna umeme. Unao. Simu ikiwa imekaa tu bila kuinuliwa mna volti 48 hivi za umeme wa moja kwa moja, kama wa betri, zatoka mtambo wa simu wenyewe. Ukiinua zashuka mpaka chini ya 12 huko. Hizo 48 kwa mkono mkavu hata huzihisi. Lakini simu ikipigwa, mtambo waleta umeme wa kengele, huo wa kwenda na kurudi, volti 75 mpaka 90 na ushei, mara 20 au 25 kwa sekunde. Huo wauma.

Tulikuwa na kijana mmoja, Allah amrehemu alikufa kwa maradhi yake tu si kwa waya, hana koleo la kumenya waya, yeye meno. Akazoea. Siku hiyo yupo juu ya ngazi Wete ncha mbili za waya kazibana kwenye meno, mwenye nyumba ana mtoto wake Maskati akapiga simu saa hiyo hiyo. Ulomwokoa ni mwembe, alishuka na tawi. Toka siku hiyo tukimwita Halo.

Kwa hiyo onyo la kutogusa waya ulio wazi ni kweli tupu. Chomoa kwanza pale laini inapoingilia nyumbani ndo uguse.

dogo_michenzani
Halo 😂😂😂 nimekufa

mtoto_wa_malindi
Shikamoo fundi. Bi Karafuu nimetizama, imeandikwa 120V 60Hz. Plagi yake ina meno mawili bapa na moja la duara. Bosi kashanunua adapta Darajani ya kuingilia soketi yetu ya meno matatu, sasa si itafaa?

volti230
WEWE. Usithubutu.

Adapta hiyo yabadilisha meno tu, umeme haibadilishi. Soketi ya ukutani kwetu ni volti 230 na kidogo, herzi 50. Mashine ya 120 ukiipa 230 haitaomba dua, utasikia pa, utaona moshi, na kama mna karatasi imenasa ndani karibu na roli ya moto ndo mtawaita zimamoto. Naona mashine iliuzwa Marekani, ikachoka, ikapakiwa ikaja Dubai au Sharjah kwenye lundo la mitumba, mtu wenu akaipenda kwa usafi. Hili hata halihusu simu, laini hamjaigusa bado na mashine ishakufa.

Transfoma ya kushusha ipo, lakini angalia wati. Faksi ya leza ina roli yaichemsha ili wino ushike kwenye karatasi na ikianza kuchemka yavuta wati mia kadhaa, nyengine zapita elfu. Vile vitransfoma vidogo vya kuchajia vitaungua. Na meno matatu lile la duara ndo waya wa ardhini, usilikate wala usitafute adapta isokuwa nalo, nimeona watu wanalikata kwa msumeno ili liingie kwenye ekstensheni ya meno mawili halafu wanashangaa mashine yatetemesha mkono.

mtoto_wa_malindi
Alhamdulillah nimeuliza. Mie nilikuwa nshaishika adapta mkononi.

Sasa hiyo FCC na REN je?

fundi_nguzo
REN ni hesabu ya kengele. Ule umeme wa kengele nlokwambia una nguvu zake na hauwezi kuliza vitu kumi. Kengele moja ya zamani, ile ya chuma yenye nyundo, ndo imehesabiwa kuwa 1. Kwa Marekani laini moja kwa kawaida hubeba jumla 5, Uingereza wao walisema 4. Kwenye kibandiko chako ile 08 kabla ya T ndo REN, isome sufuri nukta nane. Ukiwa na faksi 0.8, simu ya bosi 1, simu ya mapokezi 1 na ile ya stoo 1, jumla 3.8, salama. Ukipita mno huumii, shida yake simu zinalia kwa unyonge au hazilii kabisa na faksi haijui kama imepigwa, nawe wakaa unawalaumu Wajapani.

Waya namba 26 AWG. Hapa watu huteleza, namba ikipanda waya ndo unakuwa mwembamba. 26 ni kama nusu milimita kasoro, 28 ni mwembamba zaidi. Kwa nini wanasisitiza? Sauti ya simu hata uzi wa nywele waweza kuipitisha. Wanaogopa kitu chengine kabisa, wanaogopa waya wa umeme mkubwa uangukie waya wa simu huko nje. Na huku kwetu ndo penyewe, nguzo ya umeme na nguzo ya simu zaandamana barabara nzima na minazi katikati, kuti likianguka na upepo laukandamiza waya wa juu juu ya waya wa chini, mara volti 230 zaingia kwenye waya wa simu zinakwenda moja kwa moja nyumbani. Waya mwembamba ule wa kutoka soketi mpaka kwenye faksi utawaka kama utambi kabla fyuzi haijakatika. Ulio mnene kiasi wastahamili mpaka kinga ikate. Ndo maana nawaambia msinunue vile vya bei ya karanga, tumia uliokuja na mashine.

mzee_wa_shangani
Assalamu alaykum. Nimeusoma uzi huu kwa furaha maana umenikumbusha mbali. Niongeze upande wa sheria, fundi kaeleza ya waya.

Hiyo sehemu ya 68 ni kanuni za Marekani, za mwaka 1975, na nyuma yake kuna kesi. Zamani kampuni kubwa ya simu kule, AT&T, ilikuwa haikubali mtu aunge chochote kwenye laini yake kisichokuwa chao. Mwaka 1968 FCC ikaamua kwenye kesi ya kifaa kimoja kikiitwa Carterfone kwamba mtu ana haki ya kuunga kitu chake madhali hakiudhuru mtandao. Basi zikaja kanuni za kueleza nini maana ya kuudhuru. Na wakaitaja kwa uwazi: kumtia fundi wa kampuni kwenye hatari ya umeme, kuharibu mitambo ya kampuni, kuvuruga mashine za kuhesabia bili, na kuwaharibia watumiaji wengine huduma.

Sasa tazama vizuri orodha hiyo mwanangu. Wewe mwenye faksi humo humo hukutajwa. Kibandiko hicho cha US chamlinda Halo juu ya ngazi na kuilinda bili ya kampuni. Kukulinda wewe usiungue ni viwango vyengine vya usalama wa umeme, na alama yake ni nyengine, itafute pembeni.

volti230
Mzee umenena, watu wakiona vibandiko vingi wanadhani mashine imebarikiwa

mzee_wa_shangani
Na kibandiko cha Marekani hakina nguvu hapa. Simu ni mambo ya Muungano, ukifungua Katiba ya 1977 kwenye nyongeza ya kwanza utakuta posta na simu zimeorodheshwa, kwa hiyo Unguja na Pemba ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na wana ofisi hapa kisiwani. Sheria ya mawasiliano ya 2010 yataka kifaa cha kuunga kwenye mtandao kiwe kimethibitishwa na wao. Utangazaji ndio tofauti, huo Zanzibar ina Tume yake.

pwani_mchangani
Mzee samahani mie nijuavyo TCRA ni mambo ya laini za simu za mkononi na alama za vidole, faksi inawahusu nini

mzee_wa_shangani
Yawahusu. Unakumbuka Juni 2016 simu feki zilipozimwa? Kisa kilikuwa hicho hicho, kifaa kisichokidhi viwango kimeunganishwa na mtandao. Ila ya mkononi yazimwa kwa namba yake ya IMEI kutoka mbali, faksi hakuna wa kuizima, ndipo watu wakajiona wako huru. Siku ikileta kelele kwenye laini na kampuni ya simu ikaja kukagua, wana haki ya kukwambia ichomoe. Hata kanuni za Marekani zimeandika hivyo hivyo, kwamba kampuni yaweza kukata huduma kwa muda mpaka utoe kinacholeta madhara.

Na kabla sijasahau, dogo anayecheka faksi, hapa Shangani tulikuwa tunapeleka habari chini ya bahari tangu 1879, waya wa telegrafu wa Waingereza ukitoka Adeni ukapita Unguja ukaenda Msumbiji na Durban. Jengo la simu za nje ndilo leo hoteli ya Serena, watalii wanakunywa juisi ya ukwaju pale pale.

dogo_michenzani
Shikamoo mzee, sicheki tena

bi_karafuu
Mzee raha kukusoma. Nami niseme langu la upande wa karatasi maana wanaume mmeng'ang'ana na waya.

Ingia kwenye mipangilio uandike jina la ofisi na namba yenu, yaani 024 na zilobaki, na utie +255 mbele badala ya ile sufuri ya mwanzo maana Mjapani hajui 024 ni wapi. Sheria ya Marekani ya 1991 inalazimisha faksi kuonesha juu au chini ya karatasi tarehe na saa iliyotumwa, nani katuma na namba ya mashine. Sheria hiyo ya kwao, lakini ina faida kwetu. Niliwahi kugombana na mnunuzi kuhusu siku gani nilikubali bei, na karatasi yangu juu imeandikwa tarehe mosi Januari 2000 kwa sababu mashine ilizimika na umeme nikaivivia kuiseti saa. Nilishindwa. Na saa iwe ya kizungu, 09:00, usije ukaandika 03:00 kwa kufikiri ni saa tatu asubuhi, nimeiona kwa macho yangu, msichana wetu wa mapokezi.

Chengine, mashine ya mtumba. Zile zenye utepe mweusi wa kaboni, kila ukurasa ulotoka umebaki umechapika kwenye utepe, ukiukunjua wasoma barua zote. Hiyo yenu ya leza ina kumbukumbu ndani na pengine bado mna namba za mwenyewe wa mwanzo. Futa zote. Hutaki kubonyeza kitufe cha haraka oda ya karafuu ikaenda kwa daktari wa meno Marekani.

mtoto_wa_malindi
Bi nimeangalia saa hii kwa betri ya UPS… natania sijaiwasha 😂

Bado swali la radi. Vuli hiyo yaja. Na hiyo ya gesi pia sijaielewa.

fundi_nguzo
Gesi kwanza maana fupi. Simu ukiiinua au ukibonyeza mna cheche ndogo ndani kwenye swichi. Mtungi ukivuja jikoni usiwashe taa, usizime taa, usiinue simu, wala usisimame hapo hapo na simu ya mkononi. Fungua madirisha toka nje, ukapige 114 ya zimamoto uko kwa jirani. Kwenye ofisi yenu kama hampikii ndani haiwahusu, lakini nawajua watu wa Malindi mna jiko la chai nyuma ya mlango.

mtoto_wa_malindi
Lipo 🙈

fundi_nguzo
Haya, radi. Hapa nisikilizeni nyote maana nimebeba mashine zilizokufa kwa radi nyingi kuliko zilizokufa kwa uzee.

Simu ya zamani ya waya ilikuwa na mlango mmoja, waya wa simu. Ndo maana hata umeme ukikatika ilifanya kazi, yakula umeme wa mtambo. Wa Unguja mtakumbuka lile giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipopata hitilafu, kisiwa kizima miezi mitatu mwatumia majenereta. Simu ya waya ilolipwa ililia. Faksi ilikuwa pambo.

Faksi ina milango miwili. Upande huu wa umeme, upande huu wa simu. Nyaya mbili zimetoka pande mbili, nguzo mbili, na kila mmoja una ardhi yake. Radi si lazima ikupige wewe, ikipiga mnazi au nguzo robo maili huko, ardhi ya pale yapanda volti maelfu kwa nukta ya jicho, na upande wa simu unapanda tofauti na upande wa umeme. Ile tofauti yatafuta njia ya kusawazika. Njia ipi? Faksi yako. Yapita katikati yake. Ukifungua mashine ilokufa hivo utaona kipande cha karibu na mlango wa simu kimekuwa cheusi, vyengine vyote vizima, mwenyewe anakwambia "lakini yawaka taa" naam yawaka lakini haisikii laini.

Kwenye viwango waliweka utengano ndani ya mashine baina ya saketi ya simu na saketi ya umeme, hujaribiwa kwa volti elfu moja na zaidi. Hiyo yasaidia kwa kuti la mnazi. Kwa radi ya masika haitoshi.

Kinga ya kweli iko ukutani nje, kisanduku kinapoingia waya wa simu, ndani mna vidude vidogo vya gesi, volti zikipanda vyaruka vyapeleka kwenye waya wa ardhini. Sasa waya huo wa ardhini lazima ukutane na ule wa ardhini wa umeme wa nyumba. Kama kila mmoja una fito lake na havijaungana umefanya kazi bure, tofauti imebaki pale pale. Hilo ndo jambo ambalo mafundi wengi wa mtaani hawalijui, wanachimbia fito zuri la shaba la simu mbali na la umeme wanadhani wamemaliza.

La mwisho, na hii haina gharama, ngurumo ikisikika chomoa VYOTE VIWILI. Watu wachomoa umeme wanaacha simu. Umeacha mlango mmoja wazi. Na chomoa kabla haijafika juu yako, si ukishika waya na kwa juu panapasuka, hapo waache uungue uishi wewe.

volti230
Naongeza, zile ekstensheni zenye kitundu cha kupitishia waya wa simu zafaa kwa sababu zinakutanisha ardhi mbili pahala pamoja. Lakini LAZIMA soketi ya ukutani iwe na ardhi inayofanya kazi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe nilizofungua soketi ina meno matatu na nyuma nyaya mbili.

pwani_mchangani
Sisi hoteli yetu meneja anataka simu na faksi kwenye kibanda cha karibu na bwawa, wageni wanapita wamelowa na mabegi. Ndo hiyo "penye majimaji"?

fundi_nguzo
Ndo hiyo. Mtu aloloa mwili umeme wa kengele tu wamtosha. Na chumvi ya bahari itakula zile sindano za soketi ndani ya mwaka, utaona kijani. Weka ndani ofisini, kibandani weka kengele ya kugonga.

dogo_michenzani
Swali la kistaarabu sasa. Laini yenyewe siku hizi si ya shaba, watu wamewekewa faiba, simu yachomekwa nyuma ya routa. Maonyo yote ya radi si yamekufa?

bi_karafuu
Hapo dogo umeuliza la maana. Mie nimehamia faiba. Kioo hakipitishi umeme kwa hiyo kuti la mnazi na radi ya nguzo ya simu zimepungua kweli, ingawa routa na faksi zote bado zimo kwenye umeme wa ukutani kwa hiyo usijidanganye kabisa.

Lakini nimepata maradhi mengine. Faksi mbili zasalimiana kwa miluzi, anayepiga atoa mluzi wa herzi 1100, anayepokea ajibu wa 2100, halafu zakubaliana mwendo, mpaka biti 14,400 kwa sekunde kwa hizi za kawaida. Sauti ikipita kwenye intaneti inakandamizwa, mtu akizungumza husikii tofauti, faksi yasikia. Ukurasa unafika nusu, mstari mweusi, kwaheri. Nilihangaika mwezi mzima mpaka fundi mmoja akanambia waombe wawashe T.38 kwenye laini, huo ni utaratibu uliotengenezwa wa kupitisha faksi kwenye intaneti, na mwendo nishushe mpaka 9600. Sasa inafika. Polepole lakini inafika. Na zima ile huduma ya kukwambia kuna simu nyengine inasubiri, ule mlio wake mmoja tu wakata ukurasa.

Mwenye DSL, intaneti inayopita kwenye waya wa simu wa shaba, aweke filta kati ya laini na faksi. Na karatasi za zile faksi za zamani za karatasi ya kung'aa zitoeni kopi, mikataba yangu ya miaka ya tisini imekuwa meupe kama sanda.

mtoto_wa_malindi
Nimerudi baada ya siku tisa, mniwie radhi kukaa kimya.

Ile mashine ya 120 haikuchomekwa. Bosi alikasirika siku moja, akanuna siku mbili, ya nne akampigia mwenyewe mtu wa Dubai wakagombana kwa Kiarabu nusu saa. Imerudi kwenye boksi lake. Tumepata nyengine Mlandege ya 220 mpaka 240, ndogo, na bosi kanituma nikaulizie TCRA kabla ya kuiunga, nimekwenda na jina na modeli yake kwenye karatasi.

Ila fundi Nguzo nataka nikwambie hili. Nimekwenda kutizama kisanduku cha nje kama ulivosema. Kiko nyuma ya jengo kwenye uchochoro. Kifuniko hakipo. Waya wa ardhini upo, mnene mzuri, umetoka kwenye kisanduku umeshuka mpaka urefu wa mtu na hapo umekatwa, na ncha yake imefungwa kwenye msumari wa jirani, na juu yake zimeanikwa kanga.

fundi_nguzo
Lahaula.

volti230
Kanga zina kinga ya radi sasa 😂😂 jina lake gani hiyo kanga

mtoto_wa_malindi
Kampuni ya simu wamekuja jana wamebadilisha kisanduku, na fundi wa umeme kaunga ardhi mbili pamoja kama mlivosema. Jirani kanunuliwa kamba.

Sasa nimebaki na tatizo moja hamjalitaja. Mnasema kukinguruma chomoa. Wajapani wako mbele yetu saa sita. Wakifungua ofisi yao saa tatu asubuhi huku ni saa tisa usiku, na oda nyingi zaingia hapo, tukifika asubuhi tunakuta karatasi kwenye trei. Bosi hataki kusikia habari ya kuchomoa usiku. Nani atakwenda Malindi saa tisa usiku na mvua kuchomoa faksi?

bi_karafuu
Tulia. Mie nilifanya hivi, niliwaandikia wateja wangu watume kuanzia saa nane mchana ya kwao, huku ni saa mbili asubuhi tumeshafungua. Mpaka wanafunga ni saa tano ya kwetu, masaa matatu yatosha kwa oda yoyote ya karafuu. Jioni tukifunga nachomoa vyote viwili kama navyofunga dirisha. Walikubali wote, mmoja tu aliuliza kwa nini, nikamwambia radi, akaelewa haraka kuliko bosi wako.

mtoto_wa_malindi
Nimemsomea bosi. Kanyamaza kidogo halafu kasema barua hiyo iandikwe leo, itiwe mhuri, na itumwe kwa faksi.